Ua la Dodoma haliuawi na joto

KUTOKA UWANDANI
Na Neema Chilewa

Ikifika Julai, maua ya maofisini hapa Dodoma huanza kunyong'onyea, na mhudumu wa usafi huitwa kujieleza.

"Dada, haya maua humwagilii?"

"Namwagilia bosi, kila asubuhi."

"Basi ongeza."

Dada wa watu anaongeza. Siku chache baadaye shina linalegea pale linapotokea kwenye udongo, majani ya chini yanakuwa ya manjano, mengine yanalainika kama yaliyochemshwa, na mwishowe chungu kinabebwa hadi nyuma ya jengo kikamwagwe. Hukumu ni ileile ya kila mwaka: Dodoma kukame, joto kali, maua hayakai.

Naipinga. Ua lile limekufa kwa baridi, na kopo la maji la asubuhi ndilo lililolimalizia.

Wengi waliohamia huku na wizara zao kuanzia 2016 walikuwa wameandaliwa kwa jua, vumbi na upepo. Habari za blanketi hawakuzisikia. Mji huu umekaa kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, humiminika karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo anga hubaki jeupe kwa miezi, na anga lisilo na mawingu halizuii kitu: joto ambalo ardhi imelikusanya mchana kutwa hupaa usiku kucha. Kwa wastani usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi joto 13 au 14. Dar es Salaam mwezi huohuo ni nadra kupungua 18. Hizo nyuzi nne au tano ndizo zinazotenganisha ua linalolala usingizi na ua linaloumwa.

Sehemu kubwa ya mimea tunayofuga ndani asili yake ni misitu ya nchi za joto, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Inastawi kati ya nyuzi 18 na 27. Ikikaa chini ya 15 inasimama kukua. Ikikaribia 10, utando unaozunguka chembe zake huanza kuharibika na maji ya ndani yanavuja. Ndiyo maana jani lililopigwa baridi huonekana kama limepita kwenye sufuria. Na mizizi iliyo kwenye baridi hainywi. Maji ya jana yapo, ya juzi yapo, ya leo yanaongezwa juu yake, udongo unabaki chepechepe na ukungu unaoozesha mizizi unapata makazi. Sasa mizizi ikishaoza, jani linakosa maji hata kama chungu kimefurika. Linanyauka. Bosi anapita, anaona kiu.

Anayebisha aamke saa kumi na moja alfajiri mwezi huo wa Julai, aguse kioo cha dirisha la alumini, kisha aguse jani lililoegemea kioo hicho. Vyote vitamuuma vidole sawasawa. Doa jeusi litaanzia palepale jani lilipogusana na kioo, huku majani ya upande wa chumbani yakiwa mazima kabisa. Ukivuta chungu hatua mbili kuja ndani jioni, kabla hujafunga pazia, umekwisha kutibu nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ni maji: kipindi hiki mwagilia kidole kikigusa udongo mkavu, tena saa za mchana, kwa maji yaliyokaa ndani ya nyumba. Maji ya alfajiri kutoka bombani ni adhabu.

Oktoba na Novemba kesi inageuka. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linatupita utosini kabisa. Nje joto hufika nyuzi 31 hivi, ila ndani ya chumba kisicho na dari kinachotazama magharibi, saa kumi jioni, ni habari nyingine. Na mwiba mkali kuliko yote uko kwenye simtanki. Tanki jeusi lililoshinda juani hutoa maji ambayo mkono wako unayakwepa, halafu mtu anayachota akidhani anamhurumia mgonjwa wa joto. Mizizi inaungua. Maofisini kuna mateso ya aina nyingine: kiyoyozi kinawashwa kwa nguvu zote kuanzia asubuhi, ua limewekwa chini yake kwa sababu hapo ndipo panapopendeza, linapigwa na upepo mkavu na baridi kwa saa nane, kisha watu wanazima na kuondoka, chumba kinapanda joto ghafla. Ua limepitia misimu miwili kwa siku moja.

Nalisema hili la kupanda na kushuka kwa sababu ndilo kiini. Mimea huvumilia joto la wastani lililokaa mahali pake kuliko tunavyodhani. Kinachoichosha ni kuyumbishwa.

Tazama ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Wazungu wanalifuga kwenye madirisha yao kwa mamilioni. Ni letu, la milima ya Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, Hermann Wendland, akalitangaza kisayansi na kulipa jina la familia ya ofisa huyo, Saintpaulia. Kwa nini limeenea hivyo kwenye nchi za theluji? Kwa sababu sebule ya Ulaya iliyopashwa moto hukaa nyuzi 20 hivi, usiku na mchana, Januari na Juni. Huku lilikotoka, kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu ya misitu ya Usambara Mashariki, hali ni kama hiyo karibu mwaka mzima. Halina habari kama liko Tanga au Hannover. Lilete sebule moja ya Nkuhungu au Nzuguni yenye bati tupu juu yake, halimalizi mwaka. Yaani ua la Tanzania linaishi Ujerumani na kufa Dodoma, na kosa si la hali ya hewa peke yake.

Kosa ni la nyumba.

Wagogo, wenyeji wa hapa, walilijua hili tatizo kabla ya sisi wengine kuja na samani zetu. Tembe lao lilikuwa fupi, kuta za miti na udongo, paa la bapa lililobebeshwa udongo mzito, vyumba vimezunguka ua wa ng'ombe upande ambao upepo haufiki. Udongo mnene hupokea joto taratibu na kulitoa taratibu. Jua la mchana likipenya hadi ndani, tayari ni usiku na linahitajika. Baridi ya alfajiri ikipenya, tayari ni saa tano na inakaribishwa. Sitaki kuchora tembe kama pepo. Lilikuwa giza, lilijaa moshi, lilivuja mvua ikizidi, na papasi walioishi kwenye sakafu na kuta zake waliwapa watu homa hadi wakazoea. Operesheni Dodoma ya 1971, wakati Mwalimu Nyerere mwenyewe alipokwenda Chamwino kufyatua matofali na wanakijiji, iliwataka watu wahamie kwenye vijiji na nyumba nyingine, na sababu zilikuwepo. Lakini katika kuukimbia moshi na papasi tuliuacha na ule udongo wa juu, na mahali pake tukaweka bati la geji 30 ambalo unene wake haufiki hata nusu milimita. Bati halihifadhi kitu. Saa nane mchana ni kikaango, saa kumi usiku ni sinia la barafu.

Na sasa, tangu Dodoma itangazwe jiji mwaka 2018, tumeongeza mtindo mpya juu ya kosa la zamani. Pita Iyumbu, pita Njedengwa, hesabu ramani za kuficha paa: ukuta umepandishwa kuzunguka bati, mapao yaliyokuwa yakitoka nje kukinga ukuta na madirisha yamekatwa, vioo vimeongezwa ukubwa kwa sababu kwenye picha vinapendeza. Ni nyumba nzuri za kupigia picha. Jua la Oktoba linaingia hadi kwenye kochi bila kubisha hodi, na baridi ya Julai inalala na wenye nyumba. Sisi binadamu hatulalamiki sana kwa sababu tunajifunika, tunavaa sweta, tunahamia barazani. Ua halina sweta. Linaeleza ukweli wa chumba kile kwa lugha pekee linayoijua, na tungelisikiliza tungejiuliza mtoto mchanga anayelala chumba hichohicho anaupokeaje usiku.

Nikiombwa ushauri na anayejenga, simwambii habari za maua. Namwambia aweke dari hata kama fedha inabana, aache nafasi ya hewa kati ya dari na bati yenye matundu pembeni ili joto litoke, arudishe mapao ya kutosha upande wa magharibi, apande mti huko huko. Angalau wale wanaopitisha ramani za vibali vya ujenzi wangeuliza swali moja: chumba hiki kitakuwa nyuzi ngapi saa kumi usiku? Wanauliza umbali kutoka mpakani na shimo la choo liko wapi, nao wana haki. Hili la joto limeachiwa fundi, na fundi ameachiwa picha ya kwenye simu.

Kwa aliyekwisha kujenga, au aliyepanga, kuna njia za mkato. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini, basi dirisha la kaskazini ndilo chumba cha wagonjwa. Kuanzia katikati ya Oktoba linahamia kusini na vyungu navyo vihame. Chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya rangi au plastiki nyeusi wakati wa joto, maana kinatoa jasho kama mtungi na mizizi inapoa. Wakati wa kipupwe jasho hilohilo linazidisha baridi, kwa hiyo kipe kigoda, usikiache kwenye vigae. Na chagua mimea inayoijua shida. Jamaa wa katani wenye majani marefu ya upanga, wanaofungua vinyweleo vyao usiku na kuvifunga mchana ili wasipoteze maji, ndugu zao wanaota wenyewe kwenye vichaka vya kanda hii. Ule wenye majani mazito yanayong'aa, Zamioculcas, nao ni wa Afrika Mashariki; una viazi chini ya udongo vinavyotunza maji, na ukisahauliwa mwezi mzima wa Julai ndiyo kwanza unashukuru, mradi usikae kwenye baridi ya dirishani.

Muuza maua mmoja wa kando ya barabara alinionyesha mstari wa vyungu chini ya mwarobaini, vilivyoshushwa kwenye gari la Dar asubuhi ile. Nilikuwa nimeshika kimoja, nimeshauliza bei.

"Hicho bado, mama. Kimetoka kwenye joto la bahari, ukikiingiza ndani leo kitashtuka. Kiache hapa wiki mbili kizoee usiku wetu, kisha uje."

"Na mteja mwingine akikitaka leo?"

"Namuuzia," akasema. "Ila wewe nimekuambia."