Apu ya Pesa Nayo Ina Risiti Yake, Isome

Ukituma pesa, kitu cha kwanza unachongoja ni ujumbe wa kuthibitisha. Usipoingia huna raha. Utaangalia salio, utampigia uliyemtumia, utauliza kama ameona kitu. Lakini apu hiyohiyo inayobeba pesa zako ikibadilishwa, wengi wetu tunabonyeza "sasisha" bila kuangalia, au tunaacha miezi ipite tukihurumia bando. Maoni yangu ni kwamba toleo jipya la apu ya pesa lina risiti yake, na mteja anafaa kuisoma vile anavyosoma ujumbe wa malipo.

Risiti hiyo huanza na nambari ya toleo. Katika apu nyingi utaipata kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu". Tuseme ni 4.2.1. Kwa mtindo unaotumiwa na wahandisi wengi duniani, kila tarakimu ina maana yake. Ya mwisho ikipanda, kuna hitilafu imerekebishwa. Hicho ni kiraka, kama kile cha tyubu ya baiskeli. Ya katikati ikipanda, umeongezewa huduma na zile za zamani ziko vilevile. Ya kwanza ikipanda, kuna mabadiliko makubwa, na huenda kitu ulichozoea hakifanyi kazi tena kama jana. Si kila kampuni hufuata mtindo huu kikamilifu, lakini ukiujua una pa kuanzia kuuliza.

Nani hupandisha tarakimu hizo? Siku hizi mara nyingi ni mashine. Mhandisi akimaliza kazi huandika maelezo mafupi: nimerekebisha hitilafu, au nimeongeza huduma. Programu maalum huendesha majaribio, husoma maelezo hayo, huchagua nambari inayofuata, huandika orodha ya mabadiliko, kisha hutoa toleo. Jaribio likifeli, safari inaishia hapo. Huo ndio utoaji wa matoleo kiotomatiki.

Wapo wanaosikia hivyo na kushtuka: yaani pesa zangu zimeachiwa mashine? Basi tazama kilichoipata Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya ilifaa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba, moja ikabaki na ya zamani, na hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua. Soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kumwaga oda ambazo hakuna aliyeziagiza. Katika dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kazi ya kurudiarudia namna hiyo ndiyo inayofaa kuachiwa mashine, kwa sababu mashine haichoki.

Ila kusema kweli, mashine nayo ikikosea, hukosea kwa kasi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye hitilafu kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows, na safari za ndege zikafutwa katika nchi nyingi. Sasisho hilo halikuonjeshwa wachache kwanza. Ndiyo maana kuna usambazaji wa awamu: toleo hupewa asilimia ndogo ya wateja, linaangaliwa, kisha wengine wanafuata, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua. Kwa hivyo jirani yako akipata toleo jipya leo na wewe ukangoja siku kadhaa, hujabaguliwa. Toleo likishaingia kwenye simu yako, kampuni haiwezi tu kulichomoa. Inaweza kusimamisha usambazaji na kukutumia kiraka kingine.

Maneno haya pia ni kinga, maana wakora wanapenda sana neno "apdeti". Watakutumia linki kwa WhatsApp: "Toleo la zamani linafungwa leo, pakua jipya hapa." Toleo halali utalipata kwenye duka rasmi la apu la simu yako. Usilichukue kwenye linki uliyoletewa na mtu, na kama simu inakuuliza ruhusa ya kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, simama hapo. Na kama unatumia kabambe na unabonyeza nyota na reli, ujue menyu ile iko kwenye seva za kampuni. Ikibadilishwa, inabadilishwa huko, hutaombwa kitu. Anayekupigia akisema huduma yako inahitaji apdeti, kisha anataka PIN, mkatie simu.

Kampuni za malipo nazo, hata yetu, zina deni hapa. Mara nyingi maelezo ya toleo husema tu, "Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji." Hiyo ni kama kutoka dukani na risiti iliyoandikwa "vitu" na jumla chini yake. Kama hitilafu iligusa jinsi ada inavyoonyeshwa, au jinsi apu inavyouliza PIN, mteja aambiwe kwa lugha anayoielewa. Kuna wanaosema kufafanua sana kunawapa wezi ramani, na hoja hiyo ina uzito. Basi tungojee wateja wengi wapate kiraka, halafu tueleze. Kungoja kidogo ni tofauti na kunyamaza.

Leo ukipata Wi-Fi, angalia nambari ya toleo lako, sasisha kama uko nyuma, na usome kilichoandikwa. Ukikuta maneno matupu, piga simu huduma kwa wateja na uulize, "Mmebadilisha nini kwenye apu yangu?" Ni swali la kawaida kwa mtu ambaye pesa ni zake, na sisi tuna wajibu wa kulijibu.