Cheti cha Ukutani Hakimtibu Bi Harusi



Leo hatuzungumzi vitambaa wala hina. Leo tunagomba, mtuwie radhi.

Sisi ni mafundi cherehani. Chumba cha kupimia nguo kinabeba siri nyingi kuliko sebule ya mama mkwe. Anayevua baibui mbele ya fundi huvua na mengine. Kuna mwari mmoja tulimshonea gauni la nikaha na magauni matatu ya fungate. Miezi minne baadaye akayaleta tuyapunguze, amekonda. Tukapunguza, hatukuuliza. Mara ya pili akaja na gauni la nikaha lenyewe. Alitaka tulifumue tumgeuzie mdogo wake. Hapo tukaweka utepe chini. Ametupa ruhusa tuyaandike haya bila jina.

Ndoa yao haikuwahi kukamilika. Kila wakijaribu, mwili wake ulijifunga, na maumivu hayasemeki. Akaenda kwa mshauri nasaha, mwanamke mwenzetu, mwenye ofisi na cheti ukutani. Akalipia vikao sita. Maneno yakawa yale yale: moyoni humtaki mumeo, jilazimishe, utazoea. Alijilazimisha, hali ikazidi. Mume akachoka, akatoa talaka moja. Na nyote mnajua, mke ambaye hajaingiliwa hana eda ya kurejewa. Moja ikatosha, na nusu ya mahari ikarudi.

Baadaye ndipo daktari wa kina mama akamueleza kuwa hali ile ina jina, huitwa vajinismasi. Misuli ya njia ya uzazi hujikaza yenyewe bila mwanamke kutaka, na kumlazimisha huongeza hofu, hofu nayo huzidisha kukaza. Tiba ipo: mazungumzo, mazoezi ya polepole ya kulegeza misuli, na mume kushirikishwa. Wengi hupona. Yeye alikuwa ameshalipia vikao sita vya kumzidishia ugonjwa.

Mshauri yule si tapeli. Cheti chake ni cha halali. Kosa lake ni kwamba alisoma mara moja, miaka mingi nyuma, akafunga daftari. Alifundishwa kusikiliza na kuliwaza, basi. Mambo ya unyumba yana mafunzo yake ya juu. Mzazi aliyejifungua ana yake, na mtoto aliyeguswa vibaya ana yake. Sisi wenyewe tulipomaliza kozi ya ushoni tulijua sketi na shati la skuli. Gauni la harusi tulikwenda kulisoma upya, tukasimama nyuma ya fundi mkubwa miezi. Na sisi tukiharibu, tunanunua kitambaa kingine. Mshauri akiharibu, kitambaa ni mtu.

Tutazame wazazi wetu. Tangu mwaka 1987 kuna maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh kwa ajili ya mama aliyejifungua. Anayajaza kwa dakika chache, na swali la mwisho linauliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Mshauri asiyeyajua maswali yale ataingia nyumba yenye mzazi ndani ya arobaini, amkute hali, halali, hamtazami mwanawe, kisha amwambie ashukuru kwa kuwa ana mtoto. Kushukuru ni wajibu wetu sote, lakini huyo ni mgonjwa, na akianza kusikia sauti au kuona yasiyokuwepo, apelekwe hospitali siku ile ile.

Wenzetu wanajiwekea masharti. Uingereza, chama cha washauri cha BACP kinamtaka mwanachama wake mwenye ithibati akae na msimamizi wake si chini ya saa moja na nusu kila mwezi anaofanya kazi, hata kama ana nywele za mvi. Anakwenda kueleza alichokifanya, aulizwe kwa nini.

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Haya, twendeni Zimbabwe. Mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Hawakuwa na shahada. Walifunzwa kukaa kwenye benchi na mtu aliyezidiwa na mawazo, wakawa na wa kuwasimamia, na kesi nzito wanaipeleka mbele. Bibi wa Mbare anajua mpaka wake. Mwenye cheti wetu hajui.

Wengine watasema sisi tuna somo na tuna dini, inatosha. Somo tunamheshimu, ndiye aliyetufunda. Dini ndiyo inayotusemesha leo. Sheria yetu inambebesha dhamana anayetibu bila kuwa na elimu ya tiba. Na elimu ya nafsi si ngeni kwetu: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akaeleza hofu, huzuni na hasira kuwa vina tiba kama homa ilivyo na tiba. Anayempa mgonjwa kisomo peke yake kwa sababu hajasoma kingine, anaisingizia dini uvivu wake.

Kwenu washauri: msikasirike, someni. Mkiona mafunzo ni ghali, changeni kwa upatu kama tunavyochangia sare za harusi, mlete mwalimu mmoja awafunze wote. Chagueni msimamizi. Na mkifika msipopajua, semeni sipajui. Kusema hivyo hakukuvunjii heshima.

Kwenu mabiharusi na mama zao: kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni matatu. Mara ya mwisho umesoma lini, na umesoma nini? Nani anakusimamia? Tatizo gani hulishughulikii, na unampeleka wapi mwenye nalo? Akikereka, chukua mkoba wako uondoke. Fundi unamuuliza maswali kumi kabla hajagusa kitambaa chako.

Gauni lile hatukulifumua. Tumelitundika kwenye mfuko wake, nyuma ya mlango. Tumemwambia tutalipunguza au kulitanua yeye mwenyewe atakapolihitaji, in shaa Allah.

Allah awape shifaa wanaoumia kimya kimya, na awape wanaowatibu elimu yenye manufaa. Amin.