Magari ya Stima na Ujirani wa Maghorofani

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo hunijia kila nisikiapo magari ya stima yakisifiwa hapa Nairobi.

Sifa zenyewe ni za haki. Stima yetu nyingi yatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, na usiku watu wakilala haitumiki sana. Ndiyo sababu mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya magari haya: shilingi 16 kwa yuniti mchana, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na ada nyingine. Betri ya yuniti 40 basi hujazwa kwa shilingi 320.

Lakini bei hiyo hudai mita yake mbali. Mwenye nyumba na lango lake hana taabu. Je, sisi wa maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa? Magari yetu hulala uani kwa pamoja, na soketi iliyo karibu na bawabu ni ya taa na pampu ya maji, ambayo gharama yake twaigawana sote.

Katika jumba niishimo, jirani mmoja alichomeka gari lake hapo. Wiki ya kwanza ilikuwa minong'ono. Ya pili, mkutano. Kuna na wanaoteremsha waya kutoka roshani, jambo la hatari, kwani waya mwembamba ukibeba mzigo huo usiku kucha waweza kushika moto.

Nionavyo mimi, ugomvi huu ni wa desturi kuliko stima. Tangu enzi za ploti tumezoea kugawana gharama za mfereji na balbu ya nje sawasawa, kwa kuwa matumizi yalikaribiana. Gari laweza kunywa yuniti 20 kwa usiku mmoja, ilhali friji ya kawaida hutumia yapata yuniti moja kwa siku. Hapo kugawana sawa ni kuonea.

Ujerumani, tangu Desemba 2020, sheria humpa mwenye nyumba katika jumba la pamoja haki ya kudai mahali pa kuchaji, kwa gharama yake mwenyewe. Kwetu wengi ni wapangaji, na neno la mwisho ni la landilodi.

Basi landilodi na wapangaji na waketi, waweke mita ndogo penye maegesho, kila mtu alipe alichotumia. La sivyo, stima nafuu ya usiku itabaki kuwa ya wenye malango yao.