MPIRA MMOJA TU, JAMANI?

Naomba kusema jambo, hata kama wengine mtaguna.

Huko Marekani palikuwa na mchezaji wa besiboli, mchezo unaokaribiana na raunda, aitwaye Fred Snodgrass. Aliichezea New York Giants kuanzia 1908, akilinda nyuma kabisa, kule mipira ya juu inakoangukia. Ati mzembe? Mwaka 1911 pekee aliiba vituo 51! (Kuiba huku si dhambi, ni kuchomoka kukimbilia kituo cha mbele kabla wapinzani hawajakuwahi.)

Tarehe 16 Oktoba 1912, mechi ya mwisho ya ubingwa, mjini Boston, Giants waliongoza 2-1 katika zamu ya 10. Mpira mwepesi ukapaa, ukamjia mikononi, ukamponyoka. Boston wakashinda 3-2. Basi, lawama zote kwake.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Mpigaji wa pili aliutwanga mpira mbali mno, Snodgrass akaufukuzia na kuudaka kwa namna ya ajabu. Kisha wenzake wakaacha mpira rahisi udondoke karibu na kituo cha kwanza. Hao mbona hawakusemwa kama yeye? Kocha John McGraw hakumlaumu kamwe, alimwongezea mshahara. Baadaye Snodgrass alikuwa mkulima California, hata meya wa mji wa Oxnard. Alipofariki mwaka 1974, miaka 62 imepita, gazeti la New York Times likataja mpira ule ule kwenye kichwa cha tanzia yake. Meya mzima!

Mimi nasema huo ni uonevu, tena ni uvivu wa kukumbuka. Na sisi hapa shuleni tunao.

Muhula uliopita kipa wetu aliponyokwa na mpira kwenye nusu fainali. Siku hiyo alikuwa ameokoa mipira minne, nilihesabu mwenyewe. Kabla basi halijafika langoni, mtu alishambandika jina "Siagi". Sasa hata kidato cha kwanza, ambao hawakuwapo, wanamwita hivyo. Amerudisha glavu kwa mwalimu wa michezo, na timu haina kipa.

Mtu aliyeanzisha jina hilo ni mimi.

Jumamosi nilimwendea bwenini kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kufua soksi zake.