Artemi wa saloni



Tangu juma lililopita kelele ni nyingi interna juu ya kale kasanamu keupe kanakokaa juu ya kabati, saloni kwa mwalimu wetu mmoja. Wengine wanasema: "Hatuingie tena mule kuomba, iko sanamu." Mimi niliingia, nikaangalia. Ni Artemi wa Efeso, wa plasta, urefu kama shibiri moja. Mgeni aliyepitia Uturuki ndiye alikaleta. Mama wa nyumba anatundikaka pale ufunguo wa depo.

Tusome vizuri Matendo 19. Demetrio mfua fedha alitengeneza vihekalu vya Artemi, na alipoona Paulo anamharibia biashara, akaamsha mji mzima. Paulo hakuvunja hata kimoja. Karani wa mji mwenyewe alishuhudia kwamba watu wale hawakuiba hekaluni wala kumtukana Artemi. Leo hekalu lile, lililohesabiwa kati ya maajabu 7 ya dunia ya kale, limebaki nguzo moja tu, nayo imeunganishwa kwa vipande. Mwaka 1956 wachimbaji walitoa udongoni sanamu kubwa za Artemi. Ziko katika makumbusho ya Selçuk, na mifano midogo inauzishwa kwa wageni. Kifuani amejaa vitu vya mviringo. Wengine wanasema maziwa, wengine mayai, wataalamu hawajapatana. (Wadogo wa darasa la kwanza, acheni kucheka.)

Basi, pale kabatini mimi sioni kosa. Hakuna anayekapigia magoti.

Lakini neno moja linaniuma. Nkambo wangu kule Kongolo alikuwa na sanamu ya mti, ya mzee wa ukoo, vile Wahemba walichongaka. Siku alipobatizwa aliambiwa aichome mbele ya watu, akaichoma. Sanamu za namna ile ziko leo Tervuren, Ubelgiji, katika makumbusho, na watu wanalipa kuingia kuziona. Sasa nauliza: mungu mke wa Waefeso akiwa pambo, juu ya nini mzee wetu aliitwa shetani? Mtu atanijibu: nkambo wako aliitegemea kweli, mwalimu hategemei kitu. Hilo nakubali. Lakini mimi nisiyeitegemea, nikiweka moja kama ile juu ya sanduku langu interna, nitaachwa?

Namwomba mwalimu wa dini ajibu hapa hapa, katika namba inayokuja. Na ninyi mnaopanga kukavunja usiku, nimewasikia, majina ninayo.

Doyeni wa wanafunzi, darasa la 6