Zamu ya Mama, Zamu ya Baba

Huko Antaktika pengwini kaisari wa kike hutaga yai moja, humkabidhi mumewe, kisha hushika njia ya baharini. Baba huliatamia juu ya miguu yake kwa takriban miezi miwili bila ya kula. Mama, awezaye kuzama zaidi ya mita 500, huwinda samaki na ngisi na kuwahifadhi tumboni kwa ajili ya kinda. Akirejea, humtambua mumewe kwa sauti. Ndipo baba naye huenda kuwinda. Mama akichelewa mno, njaa humlazimisha baba kuondoka, na kinda hufa.

Basi ewe mzazi uliye safarini kutafuta riziki, matumizi unayotuma ni wema, lakini nyumbani wanakungoja wewe mwenyewe.