Afande akishastaafu

Askari polisi akistaafu hukabidhi sare, kisha hukabidhi kota alimolelea watoto. Anaanza kutafuta pa kuishi akiwa na miaka hamsini na ushee, magoti yakimuuma kwa doria za usiku. Mtaani bado ni afande. Kibaka akivamia nyumba ya jirani, mlango wake ndio hugongwa kwanza.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza kupandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya kikokotoo kipya cha pensheni. Tulipongeza, na tunapongeza tena. Lakini fedha pekee haimwandai mtu aliyeishi kwa amri na paredi tangu ujana wake. Wapo wanaozamisha kiinua mgongo chote katika biashara wasiyoijua. Wapo pia waliookota miili ya watu kwenye ajali barabarani miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanalalaje.

Tunaliomba Jeshi la Polisi limwandae askari mapema, angalau miaka mitano kabla: kiwanja, mafunzo ya biashara na ushauri nasaha. Na wastaafu waitwe vituoni wawafundishe vijana upelelezi.